Barua ya wazi kwa viongozi wa Arusha na Kilimanjaro: mistari miwili isiwe mwisho wa uchunguzi

Kwa:
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro,
Waganga Wakuu wa Mikoa na Maofisa Elimu wa Mikoa,
Ofisi za Kanda ya Kaskazini za Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

YAH: SUMU YA BANGI YA KEMIKALI KWA WATU WASIOJUA WANACHOTUMIA

Waheshimiwa,

Kijana analetwa idara ya dharura saa nne usiku, amebanwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na rafiki yake. Alivuta, na dakika tano hazijaisha akadondoka, akatapika, akashikwa na degedege. Rafiki anasema kwa sauti ya chini kwamba ilikuwa "kitu kidogo tu". Mkojo unachukuliwa, matone yanawekwa kwenye kipimo cha bangi, mistari miwili inatokea: hasi. Kwenye faili panaandikwa kifafa, au malaria kali. Ndugu huko nje wanaandika lao vichwani mwao, kwamba amerogwa. Asubuhi msokoto uliobaki mfukoni mwake uko kwenye pipa la taka la wodi.

Sisi tunaoandika ni wafamasia, wauguzi wa dharura na wataalamu wa maabara wa Arusha na Moshi. Barua hii inahusu kile kijiplastiki chenye mistari miwili, na lile pipa la taka.

Tuanze na kitu chenyewe. Humu tutaita "bangi ya kemikali" zile kanabinoidi zinazotengenezwa maabara, yaani kemikali zinazoamsha sehemu zilezile za ubongo zinazoamshwa na bangi. Hazina undugu na mmea wowote. Ni unga, unaoyeyushwa na kunyunyiziwa kwenye majani makavu ya aina yoyote, kwenye tumbaku, hata kwenye karatasi, au kuchanganywa ndani ya maji ya vepu (sigara za kielektroniki) na ndani ya pipi. Iliyotangulia kujulikana, JWH-018, ilitoka kwenye maabara ya mkemia John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, aliyekuwa akichunguza vipokezi vya mwilini, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali. Herufi hizo tatu ni za jina lake. Mwaka 2008 wachunguzi wa Ujerumani na Austria wakaikuta ndani ya paketi za "Spice", majani yaliyokuwa yakiuzwa madukani kama ya kufukiza nyumba. Tangu hapo kila kemikali moja ikipigwa marufuku, nyingine inazaliwa, na Ulaya peke yake imekwisha kuhesabu zaidi ya 200.

Tofauti yake na bangi ya shambani iko kwenye kipokezi cha ubongo kiitwacho CB1. THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, inakiamsha kipokezi hicho nusunusu: hata mtu akiongeza, kuna mahali nguvu inagota. Nyingi kati ya kemikali hizi zinakiamsha mpaka mwisho, na hakuna pa kugotea. Tarehe 12 Julai 2016, mtaani Brooklyn, New York, watu 33 walizidiwa kwa mpigo mmoja, wakawa wamesimama au kutembea kama waliolala macho wazi. Paketi waliyoivuta ilipopimwa ilikutwa na AMB-FUBINACA, wastani wa miligramu 16 kwa kila gramu ya majani. Kemikali hiyo imepimwa kuwa na nguvu mara 85 ya THC.

Hapo kwenye neno "wastani" ndipo penye hatari yenyewe. Anayenyunyizia hana mizani ya maabara wala mashine ya kukorogea. Anafanya kama mtu anayepaka dawa mbegu za maharage ndani ya beseni: nyingine zinatoka na rangi nzito, nyingine zinatoka kavu. Majani yakikauka, sehemu ya unga inadondoka na kujikusanya chini ya mfuko. Kwa hiyo wawili wakigawana mfuko mmoja, wa kwanza anaweza kusema hakusikia chochote, na wa pili, aliyechota chini, akazimika kabla hajamaliza msokoto. Tunasikia watu wakisema "alizidisha". Kipimo chao kilikuwa kilekile. Aliyeanguka alichota mahali pabaya.

Ndiyo maana tunaita jambo hili ajali. Aliyenunua bangi aliamini ni bangi. Uswisi mwaka 2020 bangi isiyo na THC ya kutosha kulevya ilikutwa imenyunyiziwa kemikali hizi, ikauzwa kama bangi ya kawaida kwa wateja ambao kwa macho na kwa pua wasingeweza kutofautisha. Nchini Uingereza vepu 596 zilizokamatwa kwenye shule 38 zilipopimwa, karibu moja kati ya sita ilikuwa na bangi ya kemikali, na wanafunzi wengi walidhani ndani yake mna THC. Karibu na sisi, upande huu wa Bahari ya Hindi, Mauritius na kisiwa cha Mayotte kwenye funguvisiwa la Komoro wamekuwa na tatizo hili kwa miaka mingi. Sierra Leone, Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya dharura ya kitaifa Aprili 2024 kwa sababu ya "kush". Sampuli zake zilipopimwa kwa mashine, zilikutwa na bangi ya kemikali au nitazini, ambazo ni jamii ya afyuni ya kutengenezwa na ni kali kuliko heroini.

Arusha ni mji ambao jina lake limekuwa jina la bidhaa. Dar es Salaam ukisema "cha Arusha" hakuna anayeuliza cha nini. Operesheni za kufyeka mashamba kule Kisimiri zinaonekana kwenye taarifa ya habari, na shamba haliwezi kujificha siku zote. Unga hauhitaji shamba. Kwa kiwango kile cha Brooklyn, kilo moja inatosha kilo 62 za majani, na kilo moja ni kifurushi cha ukubwa wa pakiti ya sukari, kinachokaa chini ya kiti cha basi kutoka Namanga au Holili bila mtu kugeuka. Kufyeka bangi bila kujiandaa kwa unga ni kumwachia muuzaji sababu ya kubadili bidhaa.

Sasa kijiplastiki. Kipimo cha mkojo cha bangi kinatafuta kitu kimoja: mabaki ya THC baada ya ini kuichakata, na kwa kawaida kinaanza kuona kuanzia nanogramu 50 kwa mililita. Bangi ya kemikali haiachi mabaki hayo. Unaweza kuwa na mgonjwa aliyejaa sumu mpaka kwenye kucha, na kipimo kikasema hasi, na kipimo hakijakosea: kimejibu swali kilichoulizwa. Upande wa pili nao una mtego. Mvutaji wa kila siku anaweza kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo chanya haithibitishi kuwa kilichomwangusha leo ni bangi. Kipimo hiki, kikisema ndiyo au kikisema hapana, hakijibu swali la usiku ule.

Na kuna dosari ndogo ya kibinadamu ambayo haiandikwi kwenye miongozo. Kwenye kipimo cha haraka cha malaria, mstari wa pili ukitokea mgonjwa ana malaria. Kwenye kipimo cha ujauzito ni hivyo hivyo. Kwenye kipimo cha dawa za kulevya ni kinyume: mistari miwili ni hasi, mstari mmoja wa juu peke yake ni chanya, na hata mstari wa pili ukiwa hafifu kama kivuli bado ni hasi. Muuguzi aliyesoma vipimo 40 vya malaria tangu asubuhi anaweza kukigeuza usiku bila kujua. Gharama ya kuondoa kosa hilo ni karatasi moja yenye picha mbili, ibandikwe ukutani juu ya meza ya vipimo.

Kwa Waganga Wakuu ombi letu la kwanza ni la maandishi tu. Jibu la maabara lisisomeke "dawa za kulevya: hasi". Lisomeke: "THC haikuonekana. Kanabinoidi za kutengenezwa hazikupimwa." Neno hilo la mwisho, "hazikupimwa", litamzuia daktari wa zamu inayofuata kufunga faili.

Upande wa vielelezo kuna kosa pacha. Majani yaliyokamatwa hupimwa kwanza kwa rangi, na kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Duquenois-Levine. Bangi ya mmea inatoa zambarau. Majani mengine yaliyonyunyiziwa kemikali hayatoi rangi, yakaonekana ni majani tu, na mtuhumiwa akaenda zake. Ila la hatari zaidi ni bangi halisi iliyoongezewa kemikali: zambarau inatoka vizuri kabisa, cheti kinaandikwa "bangi", kesi inaenda mahakamani, na kile kilichokuwa kikiua hakikutafutwa. Zambarau ni mwanzo wa uchunguzi. Tunaomba kila kielelezo kilichokutwa kwa mtu aliyezimika, aliyepata degedege au aliyefariki, kipitishwe kwenye mashine ya GC-MS, inayotenganisha kemikali na kuzitambua mojamoja, hata kama rangi imetoka safi.

Mashine peke yake nayo haitoshi. Inatoa picha ya kemikali, na picha hiyo lazima ilinganishwe na maktaba. Maktaba ya miaka mitano nyuma haitambui kemikali ya mwaka huu. Maktaba ya SWGDRUG, kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa kupima dawa za kulevya zilizokamatwa, inapakuliwa bure, na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ina mfumo wa tahadhari za mapema tangu 2013 pamoja na mazoezi ya kulinganisha majibu kati ya maabara za nchi mbalimbali. Panapobaki shaka kati ya kemikali mbili zinazotofautiana kwa mahali atomu moja ya florini ilipokaa, hapo kinahitajika kiwango halisi cha kulinganishia, yaani kemikali yenyewe iliyothibitishwa, na hicho hununuliwa. Hata majina kwenye sheria yana tatizo la aina hiyohiyo. China, ilikokuwa ikitoka sehemu kubwa ya unga huu, iliacha kutaja kemikali mojamoja na kuanzia tarehe 1 Julai 2021 ikazidhibiti kama kundi zima kwa umbo lake; watengenezaji wakahamia maumbo ambayo tafsiri hiyo haikuyagusa. Anayetegemea orodha ya majina atakuwa nyuma siku zote.

Sampuli ndiyo sehemu inayotuumiza zaidi, kwa sababu inapotea mikononi mwetu wenyewe. Damu ichukuliwe mgonjwa anapofika, pamoja na ile ya vipimo vya kawaida, isingojewe asubuhi. Kemikali nyingi kati ya hizi zinavunjika haraka. Wale wa Brooklyn walipopimwa damu, AMB-FUBINACA yenyewe haikuonekana kabisa. Kilichoonekana ni tindikali inayobaki baada ya mwili kuivunja. Aina hizo zinaendelea kuvunjika hata ndani ya chupa ikiachwa mezani. Kwa hiyo mililita 5 hadi 10 ziwekwe kwenye chupa yenye kifuniko cha kijivu, ile yenye sodiamu floridi tunayotumia kwa sukari, kwa sababu floridi inapunguza kasi ya uharibifu. Chupa iende kwenye friji mara moja, na ndani ya siku hiyohiyo iingie kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mkojo mililita 30 au zaidi, chupa safi isiyo na dawa yoyote, nao ugandishwe. Mkojo unabeba mabaki kwa siku moja mbili zaidi ya damu, kwa hiyo aliyechelewa kufika bado ana kitu cha kupima. Kwenye lebo iandikwe saa ya kuchukua, na saa aliyovuta au kula kama inajulikana. Chupa isiyo na saa ina thamani nusu.

Mabaki yenyewe ni bora kuliko damu na mkojo vyote. Msokoto, kipisi, majani au maganda yaingie kwenye bahasha ya karatasi. Kwenye nailoni yatapata unyevu na kuota ukungu. Vepu isimamishwe wima, ifungwe ndani ya mifuko miwili ya nailoni na iwekwe kwenye baridi. Pipi ihifadhiwe pamoja na karatasi yake, maana namba za karatasi ndizo zitakazotuambia kama kuna mzigo mwingine sokoni. Anayeshika avae glovu. Asinuse, asionje, asijaribu kuwasha "ili tujue ni nini".

Upande wa matibabu hakuna dawa ya kufuta sumu hii, na asiwepo mtu wa kuuza matumaini hayo. Kinachookoa ni mambo ya kila siku yakifanywa kwa mpangilio. Njia ya hewa, mgonjwa alazwe ubavu. Oksijeni. Sukari ya damu ipimwe ndani ya dakika za kwanza, maana sukari iliyoshuka inafanana na sumu na inatibika kwa dakika mbili. Degedege au fujo: diazepamu miligramu 10 kwa mtu mzima, ichomwe taratibu kwenye mshipa kwa dakika 2 hadi 3, irudiwe ikibidi baada ya dakika 5 hadi 10 huku pumzi ikiangaliwa, mtoto ambaye mshipa haupatikani, miligramu 0.5 kwa kilo kupitia njia ya haja kubwa. Joto likizidi nyuzi 39, avuliwe nguo, apakwe maji na kupepewa. Dripu ya chumvi, na macho kwenye mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, misuli inavunjika na figo ziko hatarini, kwa hiyo kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, kisiahirishwe.

Kuna mazoea mawili ya kuachwa. Moja ni haraka ya kumchoma klopromazini, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, kila anayepiga kelele. Dawa hiyo inashusha presha na kurahisisha degedege, na huyu mgonjwa tayari anaelekea huko kote. Diazepamu itangulie. La pili ni kumfunga kamba akiwa amelala kifudifudi. Anayepambana huku kifua kimekandamizwa anaweza kukata pumzi wakati walinzi wanadhani ametulia.

Dalili zinazotufanya tushuku bangi ya kemikali ni kuanguka ndani ya dakika chache, kutapika sana, degedege kwa mtu asiye na kifafa, wagonjwa wawili watatu kutoka kijiwe kimoja, na moyo unaokwenda polepole. Bangi ya kawaida inaharakisha mapigo. Kijana mwenye mapigo 45 na presha iliyoshuka anasema kitu kingine. Lakini tusije tukabadilisha kosa moja kwa lingine. Mkoani kwetu watu wananyunyizia nyanya na maua kila siku: mboni ndogo kama tundu la sindano, mate, jasho na kifua kinachokoroma ni sumu ya kuulia wadudu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hapo dawa ni atropini. Mboni ndogo na pumzi zinazohesabika bila mate wala jasho, fikiria afyuni au nitazini, mpe naloksoni, dawa inayozuia afyuni. Kwa bangi ya kemikali haitasaidia, ila haitamdhuru. Mboni pana, ngozi kavu ya moto na mtu anayeokota vitu visivyoonekana, uliza kuhusu mnanaha, ule mmea wenye sumu unaolevya. Malaria ipimwe, na ikiwa chanya itibiwe, bila kuzuia maswali mengine.

Na kutokwa damu. Mwaka 2018 huko Illinois, Marekani, zaidi ya watu 150 waliovuta bangi ya kemikali walianza kutoka damu puani, kwenye fizi na kwenye mkojo. Mzigo ulikuwa umechanganyika na brodifakoumu, sumu ya panya. Baadhi walifariki. Damu haianzi siku ya kwanza, inachelewa siku mbili au zaidi, na tiba ni vitamini K1 kwa dozi kubwa kwa wiki hata miezi. Mgonjwa wa aina hii arudi kupimwa INR, kipimo cha damu kuganda, baada ya siku mbili, na aambiwe waziwazi ni dalili gani zimrudishe kabla ya hapo.

Mtoto anastahili aya yake. Aliyekula pipi au keki yenye kemikali hii anaweza kuonekana mzima kwa nusu saa, hata saa mbili, kisha akalegea kama kitambaa kilicholowa. Asitapishwe. Mkaa wa dawa, gramu 1 kwa kilo, una maana ikiwa ameletwa ndani ya saa moja na yuko macho kabisa, akisinzia uachwe. Alale wodini hata kama ameamka na kuomba uji. Na mama yake asiulizwe "nani anavuta bangi hapo nyumbani?", maana jibu litakuwa hakuna. Aulizwe: "Amekula nini tangu jana mchana, na mabaki yako wapi?"

Nyumbani na vijiweni huduma ya kwanza imekuwa maziwa, na wengine wanaongeza ndimu au maji ya chumvi ili atapike. Maziwa yanayomiminwa kinywani mwa mtu aliyezimika yanaingia kwenye mapafu, na tunampokea akiwa na sumu pamoja na nimonia. Kijiko kati ya meno kinavunja meno. Tangazo la redio la nusu dakika linatosha: mlaze ubavu, usimpe kitu mdomoni, usimwache peke yake, mlete pamoja na kilichobaki.

"Pamoja na kilichobaki" ndipo tunapogonga ukuta. Rafiki aliye na kipisi mfukoni anajua kwamba kipisi hicho ni kesi. Basi anakitupa mtaroni kabla ya geti, au hamleti mwenzake kabisa, anangoja apoe. Halafu kuna wazo lililozoeleka kwamba mwenye sumu hawezi kuguswa mpaka PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ije kutoka kituoni. Serikali imekwisha kusema mara nyingi kwamba matibabu yatangulie. Tunawaomba Wakuu wa Mikoa wote wawili wakae na Makamanda wa Polisi walitoe jambo hili kwa waraka mmoja wenye mihuri yote. Anayemleta mgonjwa na kukabidhi mabaki kwa muuguzi asikamatwe hospitalini kwa mabaki hayo. Muuzaji atafutwe kwa njia zake. Mkimkamata aliyeleta leo, kesho hakuna atakayeleta, na wa kesho atafia kijiweni.

Kwa Maofisa Elimu: vepu zinazokamatwa shuleni zinachomwa moto mbele ya gwaride ili liwe fundisho. Moshi wake si salama kwa mwalimu anayechoma, na ushahidi unakwisha palepale. Ziwekwe kwenye bahasha, iandikwe tarehe na shule bila jina la mwanafunzi, zifike ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu kila mwisho wa mwezi. Na mwanafunzi aliyezimika bwenini ni mgonjwa kabla hajawa mkosaji. Matron akijua kwamba kumpeleka hospitali ni kumfukuzisha shule, atampa maji ya limau na kumfunika blanketi.

Linabaki suala la kupashana habari. Moshi na Arusha ni kama kilomita 80, basi moja, mzigo mmoja. Wagonjwa wawili Majengo, Moshi, na watatu Ngarenaro, Arusha, usiku uleule ni tukio moja, ila kila hospitali inaona wake tu. Tunapendekeza kigezo chepesi: wagonjwa wawili au zaidi wenye dalili hizi ndani ya saa 24, popote kwenye mikoa hii miwili, Mganga Mkuu wa Mkoa apigiwe simu usiku huohuo, naye awajulishe wenzake na Mkemia Mkuu. Majibu ya maabara yasisubiri mahakama. Ya kesi yana muda wake, ya afya yanahitajika ndani ya siku chache, hata kama ni ya awali.

Tahadhari kwa umma nayo ina ufundi wake. Itaje umbo, rangi, karatasi, mji na dalili. Isitaje bei wala kijiwe. Na isiseme kamwe "kali kuliko zote", kwa sababu kwa baadhi ya wasikilizaji hilo ni tangazo la biashara, na mwenye mali atashukuru. Tunajua pia kwamba swali la watalii litaulizwa kabla ya swali la wagonjwa. Mgeni mmoja akizimikia hotelini na video yake ikasambaa kabla ya tamko lenu, swali hilo litakuwa limejijibu.

Tunachoomba kianze kabla ya vikao ni kisanduku kimoja katika kila idara ya dharura ya hospitali za mikoa na za wilaya: chupa nne za kifuniko cha kijivu, chupa mbili za mkojo, bahasha kumi za karatasi, mifuko ya nailoni ya kufungika, jozi sita za glovu, kalamu isiyofutika, ile karatasi ya picha mbili za mistari, na fomu ya ukurasa mmoja yenye nafasi ya saa tatu: saa aliyotumia, saa aliyofika, saa ya sampuli. Vyote vinaingia ndani ya boksi tupu la glovu na vingi vipo stoo tayari. Kitakachokosekana ni jina la mtu wa zamu atakayebeba sampuli kutoka kwenye friza hadi ofisi ya Mkemia Mkuu Arusha, na mafuta ya gari. Hayo mawili yako mezani kwenu.

Wenu,

Wafamasia, wauguzi wa dharura na wataalamu wa maabara,
Arusha na Moshi.